Yatokanayo

Sehemu muhimu kuliko zote ya mkutano wa Baraza la Madiwani ni ile ambayo mabenchi ya wananchi huwa karibu matupu. Watu huja baadaye, kuanzia saa tano hivi, wakijua kwamba hapo ndipo yanapoanza mabishano ya ushuru na viwanja, na ndipo waandishi wa habari wanapoinua kamera. Mapema asubuhi, mwenyekiti anapotaja namba za kurasa na madiwani wakifunua makaratasi, nyuma ya ukumbi tunabaki wachache: mzee mmoja mstaafu wa posta, vijana wawili watatu wa bodaboda waliokuja kufuatilia eneo lao la maegesho, na mimi.

Nilianza kuhudhuria nilipostaafu ualimu, na sijaacha. Kila halmashauri ya Tanzania Bara hufanya mkutano wa kawaida wa baraza kila robo mwaka, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Haki hiyo tunayo, na wengi wetu hatuitumii. Mji wetu si mkubwa. Una lami ya kupita katikati, soko, stendi, hospitali, na kata za pembezoni ambazo bado ni mashamba ya mahindi. Nani atazoa taka, machinjio yatahamia wapi, watoto wa shule fulani watakalia nini Januari, mengi ya hayo huamuliwa katika ukumbi ule au hukwama humo humo.

Utaratibu wenyewe ni wa kawaida kabisa. Sala inasomwa. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, anatangaza kwamba akidi imetimia. Mwenyekiti anafungua mkutano, ajenda zinapitishwa, na kila diwani katika joho lake anafungua kabrasha mahali palipo na muhtasari wa mkutano uliopita.

"Ukurasa wa kwanza." Kimya. "Wa pili." Kimya. "Wa tatu."

Robo moja, walipofika ukurasa wa tisa, diwani wa viti maalumu, mama wa makamo mwenye genge la mboga karibu na soko, aliinua mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa imeandikwa kwamba baraza liliagiza mtaro wa stendi uzibuliwe. Sisi tuliagiza uzibuliwe kabla ya masika. Hayo maneno ya mwisho hayamo." Mkurugenzi akapekua karatasi zake, akamwinamia ofisa aliyekaa nyuma yake, akasimama na kusema ni kweli, yaingizwe. Wakaendelea na ukurasa wa kumi.

Halikuandikwa gazetini. Lakini bila maneno yale matatu, mtaro ungeweza kuzibuliwa Julai jua likiwaka, taarifa ikasema agizo limetekelezwa, na taarifa hiyo ingekuwa ya kweli. Wenye vibanda vya upande wa chini wa stendi, ambao kila Machi hupandisha magunia ya unga juu ya meza, wangekuwa wameshapata hasara yao.

Nilimtafakari sana yule mama. Alikuwa amesoma. Kabrasha ni nene, na ile sehemu ya muhtasari inaeleza mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwepo yakisemwa. Kurudi kusoma jambo ulilolishuhudia kunahitaji unyenyekevu, kwa sababu kila mmoja wetu anaamini anakumbuka. Darasani niliwafundisha watoto kuandika insha, na wengi waliweza. Kuisoma tena kabla ya kuikabidhi ndiko kulikowashinda, na nikitazama watu wazima wa rika langu, naona wengi tumezeeka na tabia ile ile.

Muhtasari ukishathibitishwa, ndipo inapofika ajenda ya yatokanayo. Kwenye kabrasha huwa ni jedwali tu: namba ya muhtasari, agizo lililotolewa, na hatua ya utekelezaji iliyofikiwa. Kila agizo ambalo baraza lilitoa na halijakamilika linarudi hapo, na mkuu wa idara husika anaweza kutakiwa kusimama na kusema limefikia wapi. Ni jedwali lisilo na mvuto. Nimekuja kuliona kuwa ndilo dhamiri ya mji.

Kuna kata moja ya pembezoni ambayo wananchi wake waliamua kujenga zahanati. Walichanga, wakafyatua tofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, wakapandisha kuta mpaka kwenye renta. Utaratibu tunaufahamu: wananchi wanasimamisha boma, halmashauri inamalizia. Boma likasimama, bati hazikuja. Masika yakapita, yakaja mengine, na majani yakaanza kuota juu ya ukuta ambao watu walikuwa wameujenga kwa jasho la mwisho wa siku, baada ya kutoka shambani.

Diwani wa kata ile alikuwa mkulima, mtu mzima mwenye sauti ndogo, asiye na madoido. Kila ajenda ya yatokanayo ilipofika, alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, boma la zahanati ya kata yangu. Lini litaezekwa?" Akajibiwa kwamba fedha zitatengwa. Robo iliyofuata akasimama tena, swali lile lile. Mwenzake mmoja akaguna: "Si lilijibiwa hili?" Naye akasema kwa upole, "Lilijibiwa. Halijaezekwa." Akaketi.

Mzee wa posta aliniambia siku hiyo kwamba huyu bwana anapoteza muda. Mimi sikuwa na hakika, nikaamua kuandika kila atakachouliza. Na nilipoyapitia maandishi yangu baadaye, niliona kitu ambacho ukiwa ukumbini hukioni. Majibu yalifanana mno. Yote yalikuwa "utekelezaji unaendelea," "taratibu zinakamilishwa," "halmashauri imepokea ushauri." Kilichobadilika ni maswali. Mwanzoni aliuliza kama fedha zitatengwa. Kisha akauliza kama zilizotengwa zimefika. Kisha fundi yuko wapi. Kisha, bati zikiwa tayari juu, maji yatatoka wapi. Kisha lini zahanati itasajiliwa ili ipate mgawo wa dawa kutoka Bohari ya Dawa. Katika mkutano wa mwisho niliomsikia, aliuliza kuhusu nyumba ya mtumishi, kwa sababu muuguzi aliyepangiwa pale alikuwa akilala mjini, na mwanamke anayeshikwa na uchungu usiku hawezi kusubiri gari la asubuhi.

Tangu hapo, nikitaka kujua kama jambo linasogea, nauliza kama swali lake limebadilika. Ndoa ambayo imekuwa na ugomvi ule ule miaka yote, mtoto ambaye tumekuwa tukimgombeza kwa maneno yale yale tangu darasa la tatu, mpango wa kujenga ambao kila Desemba unaanzia kwenye kununua kiwanja: kote huko majibu mazuri yapo tele. Swali ndilo halijawahi kusogea hata hatua moja.

Nyumbani kwetu somo la yatokanayo liliingia kwa njia ya msiba. Kaka yangu alipofariki aliacha watoto watatu, na baada ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Wote mnavijua vikao hivyo. Huzuni bado mbichi, kila mtu anataka kubeba kitu. Mmoja akasema ada ya mkubwa ni juu yake, mwingine sare na madaftari, mwingine magunia mawili ya mahindi kila mavuno. Hakuna aliyesema uongo. Asubuhi watu wakapanda mabasi, na tulipokutana tena kwenye harusi, hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa sababu kumuuliza ndugu juu ya ahadi aliyoitoa akilia huonekana ni kumfedhehesha.

Nikaomba tuwe na daftari, na kila tukikutana, baada ya sala, tusome kwanza tulichokubaliana. Shangazi yetu mkubwa alipinga. "Tangu lini ndugu wakaandikiana? Hayo ni mambo ya benki." Nilimjibu kwa heshima yake: "Shangazi, sisi tuliopo hapa tunaweza kuaminiana. Watoto hawapo kwenye kikao, na hawana wa kuwasemea wakisahauliwa." Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema haya, someni.

Tukasoma. Jina la ndugu aliyebeba ada lilipotajwa, aliinama. Alisema mwaka ule ufuta wake uliharibika, hakuweza kulipa, na ndiyo sababu alikuwa hapokei simu zetu. Hakuna aliyemkaripia. Binamu yake akasema basi mwaka huu nipe mimi, wewe chukua sare. Ilikwisha kwa dakika chache. Mtu aliyekuwa akiukwepa ukoo kwa sababu ya deni la neno lake alirudi kuwa ndugu, akala nasi, akacheka na watoto wale wale aliokuwa akiwaonea aibu.

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nilidhani daftari litawabana wavivu. Kumbe kazi yake kubwa ni kumpa aliyeshindwa mahali pa kusema kwamba ameshindwa. Nilipokwenda barazani robo iliyofuata, nililitazama jedwali la yatokanayo kwa jicho jingine. Mkuu wa idara anaposimama na kusema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, fedha za awamu ya pili hazijapokelewa," wenzangu mabenchini hunung'unika. Mimi husikia mtu aliyeitwa mbele za watu akasema kweli, na kuanzia hapo baraza linaweza kutafuta njia nyingine. Anayenitia hofu ni yule ambaye jambo lake limetoweka kwenye jedwali bila mtu kueleza limekwendaje.

Nchi yetu imewahi kukaa bila mahali pa kuuliza. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, Serikali za Mitaa zilifutwa. Nia ilikuwa kupeleka wataalamu na fedha karibu na wananchi vijijini, na walioupanga mpango huo hawakuwa watu wabaya. Lakini wataalamu walikwenda mikoani na wilayani wakiwa watumishi wa Serikali Kuu, na hapakuwa na diwani wa kuwauliza kitu. Mitaro ya miji iliziba, taka zikarundikana, huduma zikadorora, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikatukumba. Mwaka 1978 ilibidi sheria itungwe kurudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria zilizorudisha mfumo mzima, ukaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, katika mahojiano, alikiri kwamba kuzifuta Serikali za Mitaa lilikuwa kosa. Leo zimo ndani ya Katiba, Ibara ya 145 na 146.

Hadithi hii husimuliwa kwa lugha ya utawala, nami huiona ni hadithi ya mitaro. Mtaro hauzibi siku moja. Unaziba kwa kiroba kimoja, kisha jani la mgomba, kisha mchanga wa mvua ya kwanza. Kila siku ya kuziba kwake ni siku ambayo hapakuwa na jambo la dharura. Wataalamu wa miaka ile waliujua mtaro vizuri kuliko sisi. Kilichokosekana ni mtu ambaye mtaro unapita mlangoni kwake, mwenye haki ya kusimama na kusema: robo iliyopita mlituambia nini?

Haki hiyo siku hizi ina mipaka, na sipendi kuipamba. Tangu mwaka 2017 barabara zetu ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kodi ya majengo, ambayo zamani halmashauri ilikusanya yenyewe, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa pamoja na umeme wa LUKU. Diwani anapigiwa simu na wapiga kura wake kuhusu kalavati lililobomoka, na kalavati si lake. Bado meneja wa wakala huja barazani, huketi, huulizwa. Naamini mhandisi anastahili kuachiwa uhandisi wake, na naamini kwa nguvu ile ile kwamba siku atakapoacha kuja kuulizwa na mkulima mwenye sauti ndogo, tutakuwa tumeanza kurudi tulikotoka.

Kuna jambo jingine ambalo ukumbi ule umenifundisha, nalo ni namna ya kusema ukiwa na hasira. Kanuni za Kudumu zinataka kila msemaji amwelekee mwenyekiti. Nimeona madiwani wawili, ambao kila mtu mjini anajua hawasalimiani, wakipambana juu ya ushuru wa vizimba vya soko. Mmoja alikuwa ameshaanza kunyooshea kidole. "Kupitia kwangu, Mheshimiwa," mwenyekiti akasema. Ikabidi ageuke, aanze upya, amtazame mtu ambaye hana ugomvi naye. Hoja yake ilibaki kali, na matusi yakakosa pa kukaa. Nimejaribu hilo na mwanangu wa mwisho, tukimweka mama yake mdogo katikati, na limetusaidia sana.

Wanaodaiwa na jedwali hawapo upande mmoja tu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Taarifa ya mikopo inapofika barazani, safu ya marejesho husomwa, na hapo ndipo mabenchi yetu ya nyuma huinamisha macho, kwa kuwa wasiorejesha ni sisi, majirani zetu, vikundi vilivyopiga picha na pikipiki mpya mbele ya jengo la halmashauri. Mapato yale yanatokana na ushuru wa mama anayeuza nyanya na wa kinyozi wa stendi. Kikundi kisichorejesha kimechukua zamu ya kikundi kingine kilichokaa mtaani kikisubiri, na inanisikitisha kwamba tunajua kuwahoji viongozi kwa sauti kubwa kuliko tunavyojua kuhojiana sisi kwa sisi.

Yule diwani mkulima hakurudi barazani. Muda wa baraza uliisha, baraza likavunjwa kama inavyokuwa kila uchaguzi mkuu unapokaribia, na yeye hakugombea tena. Nilihofia zahanati ya watu wake. Nilifikiri juhudi zote zile zilikaa katika kifua cha mtu mmoja, na akiondoka zitaondoka naye.

Lakini muhtasari haukuvunjwa pamoja na baraza. Madiwani wapya walipokwisha kuapishwa, wazee wa kata ile na akina mama wawili wa kikundi cha kusomba maji walimwendea diwani wao mpya nyumbani kwake. Ni kijana, mfanyabiashara wa pembejeo, na hakuwa akijua mengi juu ya jambo lile. Walimpelekea nakala ya kurasa za yatokanayo, walizopewa na mtangulizi wake, zikiwa zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Hawakumwomba ahadi. Walimweleza kwamba nyumba ya mtumishi ina msingi tayari, kwamba tofali zipo, kwamba kinachohitajika ni mbao, bati na saruji ya sakafu, na kwamba rasimu ya bajeti ingefika Kamati ya Fedha na Uongozi kabla ya mwisho wa Januari. Kisha wakakubaliana siku ya yeye kuja kuuona msingi ule kwa macho yake, Jumamosi, baada ya soko kufungwa, ili na muuguzi awepo.